Miti au Mashina

Wakata miti wa Egbert walikuwa wakikata vizuri mno, na hilo ndilo lililomtia Kokwijuka wasiwasi.

Alikuwa amepanda kilimani kuokota matawi ya kupikia. Alisimama kando akiwatazama, mzigo wake ukiwa bado haujatimia. Wakata miti alikwisha kuwaona wengi, wale waliokuwa wakikata magogo ya kuegemezea mashimo ya mgodi wa bati kule Kyerwa. Wale walikata kama watu wanaofukuzwa: visiki viliachwa vya kufika kiunoni, magome yamechanika mpaka ardhini, na matawi yakarundikwa juu ya visiki na kutiwa moto. Mnunuzi wa magogo hana haja na kinachobaki. Lakini hawa wa Egbert, mwenye duka la Kimuli, waliinama. Walikata chini kabisa, msumeno wakiulaza kidogo ili maji ya mvua yasituame juu ya kisiki. Gome likianza kuchanika, walisimama wakalikata taratibu kwa panga. Matawi waliyaburuta yote mbali.

Kokwijuka alijua maana yake. Mkaratusi ukikatwa hivyo haufi. Mvua zikinyesha, kisiki kinatoa machipukizi, na machipukizi yakipunguzwa yakabaki mawili au matatu, hurefuka upesi kuliko mti wa kwanza, maana mizizi iko tayari. Miti hiyo aliipanda yeye. Miche aliitoa kwenye kitalu cha misheni akaibeba kichwani ndani ya maganda ya mgomba, na watu wakamcheka kwamba anakwenda kupanda miti isiyoliwa juu ya rweya, nyika isiyolimwa, kwenye majani na mawe ambako hata mihogo inakataa. Siku hizi hakuna aliyecheka. Karibu kila nyumba pale Bugomora ilikuwa na mikaratusi yake, hata nyumba ya Verdiana mjane.

"Mnakata vizuri, Desderius," alimwambia msimamizi.

"Tunashukuru, mama."

"Ila mbona mnajisumbua hivyo na visiki? Ninyi si magogo tu mnayotaka?"

Desderius alicheka. "Bwana Egbert ameagiza. Atakayechana gome hapati posho ya siku hiyo. Mtu haharibu mali yake, mama."

"Mali ya nani?"

Desderius aliacha kucheka. Alimtazama yule mama, akatazama msumeno, akashika mpini wake. "Mimi ni mtu wa msumeno tu," alisema. "Muulize mzee."

Kokwijuka aliteremka kilima bila mzigo.

&nbsp;

Rwegoshora, mumewe, alikuwa amekaa mbele ya nyumba akipiga brashi koti lake la kaki. Koti hilo lilikuwa na kazi moja. Alilivaa Bwana Shamba alipokuja kuzungumza na wakulima, kwa sababu Rwegoshora ndiye aliyekuwa mkalimani. Kiswahili alikiokota mgodini na Uganda, akakileta Bugomora kama wengine walivyoleta baiskeli. Kwa ajili yake alipewa kiti watu wakiwa wamekaa chini, na kwenye pombe ya rubisi kibuyu cha kwanza kilimfikia yeye. Kilikuwa Kiswahili kizuri. Hakikuwa kizuri kama alivyodhani mwenyewe, lakini pale hakuwepo wa kumwambia.

"Baba Melkiory," Kokwijuka alisema, "ulimuuzia Egbert nini?"

"Nilimuuzia nini tena? Si unasikia misumeno?"

"Siku ile nilimimina rubisi tu, Kiswahili sikukisikia. Niambie mlivyosema. Neno kwa neno."

Rwegoshora alipenda kuombwa kitu kama hicho. Aliweka brashi chini. "Tulikuwa pale kwa Yustus, watu wote wanasikia. Egbert akaniuliza kwa Kiswahili, 'Mzee, unauza miti au unauza mashina?' Nami nikamjibu, 'Bwana, nauza mashina. Sisi hapa tunahesabu kwa mashina.' Akanishika mkono."

"Miti na mashina, tofauti yake nini?"

"Aa, mwanamke! Miti ni neno la kila mtu. Mashina ni neno la ofisini. Bwana Shamba akija kuhesabu kahawa anaulizaje? 'Una mashina mangapi?' Umewahi kumsikia akisema una miti mingapi ya kahawa?"

"Na kwa nini mliongea Kiswahili? Yeye Mhaya, wewe Mnyambo. Si mngesikilizana tu?"

Rwegoshora aliokota tena brashi, maana jibu la swali hilo lilikuwa la aibu. Alikiongea Kiswahili kwa sababu Egbert alikuwa amevaa viatu. Alikiongea kwa sababu wafanyabiashara wa Bukoba na Muleba wakifika Karagwe huwasikiliza watu wakisema Kinyambo huku wakitabasamu, na yeye hakutaka kutabasamiwa mbele ya Yustus.

Kijana wao Melkiory alitoka nyuma ya nyumba, mikono ina samadi. Alikuwa amesoma kidogo misheni, akaacha. "Baba," alisema polepole, "shina ni huku chini. Mti unapoanzia, pamoja na mizizi. Ukimuuzia mtu shina, kila litakalochipua ni lake."

"Nani kakuuliza?"

"Hakuna aliyeniuliza."

"Shina ni mti!" Rwegoshora alisema kwa sauti kubwa. Kisha akasema tena kwa sauti ndogo, na safari hii ilikuwa kama anauliza.

&nbsp;

Kesho yake alivaa koti akaenda Kimuli, dukani kwa Egbert. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Alipofika, maneno yote yalikuwa tayari, lakini Egbert alikuwa anapima chumvi, na msaidizi wa duka akamwonyesha gunia akae. Akakaa juu ya gunia. Watu waliingia, wakanunua, wakatoka. Mwanamke mmoja alimwomba anyanyuke ili achukuliwe maharage kutoka gunia hilohilo. Alinyanyuka, akakaa juu ya lingine.

"Shikamoo mzee!" Egbert alisema hatimaye. Alikuwa mtu wa heshima, na heshima yake ndiyo iliyokuwa inamchosha Rwegoshora kuliko matusi. "Mgeni wetu tumemsahau. Leteni chai. Na mfungieni chumvi ya mama nyumbani."

Chumvi ilifungwa, ikawekwa mapajani mwa Rwegoshora kabla hajasema lolote. Sasa alikuwa amekuja kulalamika akiwa amepakata zawadi.

"Bwana Egbert," alianza, "kuna jambo dogo la kilimani. Mke wangu anasema vijana wako wanatunza visiki."

"Lazima watunze. Machipukizi ya mkaratusi ndiyo biashara, mzee. Mti wa kwanza unakufundisha tu. Mgodi unataka magogo kila mwaka, sitaki kuzunguka vijiji vyote nikibembeleza."

"Lakini mimi nilikuuzia miti."

"Hapana." Egbert alisema hivyo kwa upole. "Nilikuuliza mbele ya watu, miti au mashina. Sikukuficha kitu. Na nilikulipa zaidi ya wanavyolipwa wenye kuuza miti. Hukujiuliza kwa nini?"

Rwegoshora alikuwa amejiuliza. Usiku ule wa kulipwa alijiuliza, akajijibu kwamba Egbert amemwongezea kwa kupendezwa na Kiswahili chake.

"Mimi nilimaanisha..."

"Mzee wangu, wewe ndiye mkalimani wetu. Maneno yote ya Bwana Shamba yanapita kinywani mwako. Kama wewe hujui shina ni nini, basi hayo mengine uliyotufasiria yalikuwa nini?"

Watu waliokuwa dukani waligeuka. Msaidizi aliacha kupima. Rwegoshora alihisi masikio yake yakipata moto, na yale maneno aliyoyapanga njia nzima yakamtoroka yote, likabaki moja.

"Najua," alisema. "Nani amesema sijui?"

"Ndiyo maana nakuheshimu," Egbert alisema, akampa mkono.

&nbsp;

Kokwijuka hakuifungua ile chumvi. Aliiweka juu ya kichanja, akapika bila chumvi, na hakuna aliyeuliza.

Katika siku zilizofuata nyumba ile haikuwa na raha hata kidogo. Kibanja chao, shamba la migomba na kahawa lililozunguka nyumba, kilikuwa kimechoka. Mikungu ya ndizi ilikuwa inatoka midogo, na kahawa zilizeeka kabla ya wenyewe. Pesa ya Egbert ilikuwa imekwisha kuwa ng'ombe, kwa ajili ya samadi. Kibanja hakikuweza kugawanywa, na Melkiory alikwisha kuwa mtu mzima. Fungu lake lilikuwa kilima kile. Bila kilima, kilichokuwa kimebaki kwake ni Uganda, na waliokwenda Uganda walikuwa wanarudi mara ya kwanza na nguo mpya, mara ya pili na kikohozi, halafu hawarudi.

Kijana mwenyewe alishona kamba ya mfuko wake wa safari, akaujaribu begani, akautundika ukutani. Mama yake kila alipoingia ndani aliuona mfuko ule.

"Shauri lipelekwe kwa mkungu," alimwambia mumewe, maana mkungu ndiye mkuu wa kijiji. "Kaseme hukuelewa."

"Nikaseme nini?"

"Kwamba Kiswahili hukijui vizuri."

Rwegoshora alisimama, akatoka nje, akarudi. "Unajua unachoniomba? Mimi hapa sina ng'ombe wengi. Sina mabati. Sikusoma. Wakiniita, wananiita kwa sababu ya hicho. Nikiwaambia sikijui, nitabaki nani?"

"Utabaki baba wa Melkiory."

"Melkiory atakuwa na baba ambaye watu wanamcheka."

"Atakuwa naye hapa," Kokwijuka alisema. "Akiwa Uganda atakuwa naye kwa habari tu."

Asubuhi Rwegoshora alikwenda kwa mkungu Kaijage kuomba baraza, na koti la kaki alilivaa, jambo ambalo Kokwijuka hakulipenda hata kidogo.

&nbsp;

Baraza lilikaa uani kwa mkungu. Watu walikuja wengi, wengine kwa kujali na wengine kwa kuwa hawakuwa na kazi siku hiyo. Egbert alikuja na viatu vyake na Desderius nyuma yake. Shauri lilisemwa kwa Kinyambo, na mara hii hakuna aliyeona aibu.

Mkungu Kaijage alikuwa mzee mzito wa kusikia, mwepesi wa kuelewa. Kiswahili chake kiliishia kwenye salamu. Alimwita katekista amweleze shina ni nini.

"Ni mambo mawili," katekista alisema. "Mtu akihesabu kahawa au migomba, husema mashina, akiwa na maana ya mti mzima mmoja mmoja. Lakini shina lenyewe ni pale chini, mti unapoanzia."

"Kwa hiyo wote wawili wana haki."

"Kwa neno lenyewe, ndiyo."

Mkungu alijikuna goti. "Basi neno halitatusaidia," alisema. "Tumtazame mtu. Egbert aliuliza, miti au mashina. Mwenye kujua lugha akiulizwa hivyo anatambua kwamba hapa pamewekwa vitu viwili. Asiyejua atachukua lile linalomsikika zuri. Rwegoshora, wewe Kiswahili unakijua au hukijui?"

Rwegoshora alikuwa amesimama katikati, vifungo vyote vya koti vimefungwa. Midomo yake ilisogea. Mbele yake walikaa watu ambao aliwafasiria habari ya mbolea, ya chanjo ya ng'ombe, ya kodi. Yustus alikuwepo. Watoto walikuwa wamepanda ukingoni mwa ua.

"Mkungu, mimi nimefanya kazi mgodini," alisema. "Nimekaa na watu wa mataifa."

"Sikuuliza ulikaa na nani."

Egbert alisimama. "Waitu, tusimwaibishe mzee. Kila mtu hapa anajua ndiye fundi wa lugha. Mimi mwenyewe namsifu."

Watu waliguna kukubali. Rwegoshora alinyoosha mgongo kidogo, na Kokwijuka alipoona ule mgongo unanyooka aliona na mfuko wa Melkiory unatoka ukutani. Yeye alikuwa amekaa kwa wanawake, kando ya Verdiana. Siku ile kwa Yustus Kokwijuka ndiye aliyekuwa akimimina rubisi; kwa hiyo alikuwa shahidi, na shahidi ana ruhusa. Alisimama.

"Mkungu, niulize mimi."

"Mumeo anajua Kiswahili?"

Alimtazama mumewe. Rwegoshora naye alimtazama, akatikisa kichwa kidogo, kidogo sana. Kokwijuka hakujua kama anamwambia asiseme, au anamwambia aseme hapana.

"Hajui," alisema.

Kicheko kilianzia kwa watoto. Kikaenda kwa vijana, kikamfikia Yustus, ambaye alicheka mpaka akashika mbavu.

"Hajui," Kokwijuka aliendelea, kwa kuwa alikwisha kuanza na kusimama njiani kungekuwa kubaya zaidi. "Anapofasiri, lile asilolielewa anatunga. Akirudi nyumbani ananiambia, leo nimetunga. Anasema shina ni neno la ofisini, eti mti ni neno la washamba. Ndivyo alivyoniambia, mwanangu alisikia. Aliuza mashina kwa sababu ya uzuri wa neno."

La mashina lilikuwa kweli. Lile la kutunga alilitunga yeye mwenyewe, palepale, na hakupata hata nafasi ya kuona haya. Verdiana peke yake katika ua ule hakucheka. Alimvuta Kokwijuka khanga akamkalisha.

"Rwegoshora," mkungu alisema, "mkeo amesema kweli?"

Rwegoshora aliinamisha kichwa. Mkono wake ulikuwa kwenye kifungo cha juu cha koti, ukikifungua na kukifunga. Watu walikichukua kile kichwa kilichoinama kuwa ni jibu.

"Basi alimaanisha miti," mkungu alisema. "Egbert, umepata magogo yako, chukua. Machipukizi ni ya mwenye kilima. Na Rwegoshora atakurudishia ile nyongeza, akivuna kahawa."

"Nakubali," Egbert alisema. Hakuonekana amekasirika. "Ila naomba neno moja lisikike na wote. Tumekubaliana kwamba huyu hajui Kiswahili. Siku nitakapomsikia amesimama mbele ya watu akifasiri Kiswahili, nitajua nilidanganywa hapa, na shauri nitalirudisha."

Mkungu alifikiri. "Ni haki," alisema. "Akikisema, kilima kitarudi barazani."

&nbsp;

Walirudi nyumbani kila mmoja na njia yake. Kokwijuka alikuwa na furaha, na furaha ile ilimwogopesha. Alipofika, mfuko wa Melkiory ulikuwa umekwisha kushushwa ukutani, umejazwa mbegu za maharage. Alikaa chini akalia. Kisha aliifungua ile chumvi akapikia.

Rwegoshora hakumgombeza. Laiti angemgombeza. Alikula, akashukuru, akalala. Yustus ndiye aliyeanza kumwita "Mashina", na watoto wakalidaka; alipopita njiani walimwamkia, "Shikamoo Mzee Mashina," na kwa kuwa ilikuwa shikamoo, ilimbidi aitikie marahaba. Kwenye rubisi kibuyu kilimfikia kama kilivyomfikia mtu mwingine yeyote. Koti alimpa Melkiory avae akienda malishoni asubuhi za baridi.

Mvua zikanyesha, visiki vikachipua. Vilichipua kwa fujo, kila kimoja na kichaka chake, kijani cha kung'aa kilichochanganyika na wekundu. Rwegoshora alipanda kilimani kila siku na kisu. Alichagua machipukizi yaliyoshika vizuri upande wa kisiki unaokabili upepo, mengine akayaondoa. Kokwijuka alikuja kumsaidia, na siku moja walipokuwa wameinama kwenye kisiki kimoja alijaribu.

"Ulitikisa kichwa siku ile. Ulitaka niseme nini?"

Rwegoshora alikata chipukizi, akalitupa. "Hata mimi sikumbuki," alisema. "Lile la kutunga, ulilitoa wapi?"

"Lilikuja tu."

"Lilikuja vizuri," alisema, akainamia kisiki kingine.

&nbsp;

Bwana Miti alifika Bugomora kiangazi kilipoanza. Alikuwa mgeni, ofisa wa misitu aliyetoka mbali, na gari lake lilikuwa limejaa vumbi mpaka ndani. Aliwakusanya watu uwanjani karibu na kanisa. Alisema ana habari ya mikaratusi iliyopandwa kwenye rweya, kisha akauliza nani atamfasiria.

Macho ya watu yalimwendea Rwegoshora kwa mazoea tu, kabla hayajakumbuka. Mtu akakohoa. Kicheko kidogo kikapita. Katekista alikuwa parokiani, Melkiory yuko na ng'ombe mbugani, na vijana wengine wenye kujua lugha walikuwa Uganda. Mkungu Kaijage aligeuza shingo huku na huku.

"Mimi nitasaidia," alisema Egbert. Alikuwa amekuja na Bwana Miti katika gari hilohilo, baada ya kuulizwa njia kule Kimuli.

Bwana Miti alisema taratibu, kwa sauti ya kusikika. "Wananchi, nimesikia mna hofu. Serikali haichukui mti wa mtu. Aliyepanda mkaratusi kwenye rweya, mti ni wake na machipukizi ni yake. Atauza akitaka, kwa anayemtaka, kwa bei watakayopatana. Msikubali kuharakishwa na mtu yeyote."

Rwegoshora alilisikia kila neno. Hakukosa hata moja.

Egbert alisogea mbele, akasema kwa Kinyambo, "Bwana anasema rweya ni ya Serikali, na mti uliopandwa humo bila ruhusa ni wa Serikali pia, pamoja na shina lake. Lakini ana huruma. Atakayekuwa ameuza kabla yeye hajarudi, hataulizwa kitu. Atakayebaki na miti yake, itang'olewa."

Sauti ya woga ilipita uwanjani. Bwana Miti aliiona ile hofu, akadhani ni mshangao wa furaha, akatabasamu, akawaaga. Alikuwa na vijiji vingine. Gari liliondoka, na Egbert hakuondoka nalo.

"Mimi nipo," alisema. "Sitaki kumlazimisha mtu. Wenye kutaka kuuza, Desderius ana kamba ya kupimia na mimi nina fedha ya kutanguliza. Mashina, si miti. Wenye mashauri yao yaliyokwisha barazani hawahusiki." Alipomaliza alimtazama Rwegoshora, akamtazama bila haraka, kama mtu anayengoja kujibiwa.

Rwegoshora alikunja miguu chini yake, mkono mmoja akauweka ardhini. Kokwijuka, aliyekaa karibu yake na asiyejua neno lolote lililosemwa kwa Kiswahili, aliuona ule mkono. Alidhani ni sifa za zamani zinampanda, anataka kusimama. Akakishika kifundo cha mkono wake kwa nguvu zake zote, na akamnong'oneza jina la mtoto wao.

Watu walikuwa wamekwisha kuanza kupanga mstari. Yustus alikuwa wa kwanza, hakuwa anacheka. Alimshika Egbert mkono mbele ya mkungu, na mkungu, aliyesikia maneno yaleyale waliyoyasikia wote, akatikisa kichwa kwa huzuni akashuhudia.

Verdiana hakwenda kwenye mstari. Alikuja pale walipokaa, akachuchumaa mbele ya Rwegoshora kwa adabu. Mjane yule hakuwa na kibanja cha maana. Alikuwa na mikaratusi yake ya nyuma ya kilima, aliyoipanda siku moja na Kokwijuka, na wajukuu.

"Ta Rwegoshora," alisema kwa sauti ya chini, "wewe umemsikia yule bwana. Alikuwa na uso mwema. Ndivyo alivyosema kweli?"

Hatua chache tu kutoka pale, Egbert aliacha kuhesabu. Vidole vya Kokwijuka vilikaza. Rwegoshora aliutazama uso wa mwanamke yule ambaye siku ya baraza hakumcheka.

"Mimi sijui Kiswahili," alisema.

Verdiana alijishika mdomo. "Yoo, baba, nisamehe," alisema, na macho yake yalijaa huruma. "Nimekuumiza tena. Nilisahau."

Alimgusa goti kumpoza, akainuka, akaenda kusimama kwenye mstari.